Katikati ya Benchi la Lelemama

Jumatatu, Agosti 4

Nesi kasema presha yangu haishuki kwa sababu maneno nayaweka kifuani. Kanishauri nikikasirika niandike, nisipayuke. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Hazitatosha.

Leo mwenyekiti wetu, Bi Mwanahija, katangaza kuwa tamasha ni Jumamosi ya tarehe 16, uwanja wa mpira, hapa hapa Kilwa Masoko. Watu wa televisheni watakuja kutoka Dar. Kikundi chetu cha ngoma ya lelemama ndicho kitakachofungua. Wanawake kumi na mmoja juu ya benchi, kanga za sare moja, pembe mkono huu na kijiti cha kuigonga mkono huu. Mdogo wetu kuliko wote ana miaka hamsini na nane, na ndiye anayelalamikia magoti kutushinda sote.

Nikauliza, safari hii nani anasimama kati? Wakanitazama. Mwenyekiti kasema kati ni pa Bi Sada, siku zote ni pa Bi Sada, kwani kuna lipi jipya?

Bi Sada ni mke mwenzangu. Marehemu Mzee Khamisi, Mungu amrehemu, alimwoa yeye kwanza, kisha mimi. Mzee ametutoka mwaka wa saba huu, nasi bado tuko ua mmoja, jiko moja. Yeye Bi Mkubwa, mimi Bi Mdogo. Chumba cha mbele chake, cha nyuma changu. Miaka thelathini na miwili niko nyuma! Na kwenye benchi hivyo hivyo. Yeye kati, mimi mwisho kabisa, ubavuni kwa Mzee Bakari mpiga zumari. Mzee Bakari akipuliza, mate yote sikioni mwangu. Na kamera huwa haifiki huko. Kamera hutazama kati.

Basi safari hii kati nasimama mimi, Zuwena binti Ibrahimu. Nimeshaandika, haifutiki.

Jumanne, Agosti 5

Vita vimeanza, na aliyevianza ni yeye. Asubuhi kanimiminia chai nje ya kikombe, yote juu ya kitumbua changu. Eti samahani. Samahani ya nini, kikombe chenyewe kikubwa kama kopo! Makusudi yale.

Jioni kwenda mazoezini kanishika bega njia nzima, tangu mlangoni kwetu hadi uani kwa mwenyekiti. Anataka watu waone nani mkubwa. Nikamwambia Bi Mkubwa, niachie, njia naijua. Akaniachia. Hatua tatu mbele kajikwaa kwenye jiwe ambalo lipo pale tangu tumezaliwa. Hakuanguka. Nilicheka kidogo. Nesi kasema niandike ukweli, haya, huo.

Ila nimepata njia. Bi Sada ana miaka sabini na mmoja. Benchi lina kimo. Mtu mzima kama yule kupandishwa juu, tena mbele ya kamera, si hatari? Mimi namwonea huruma tu.

Alhamisi, Agosti 7

Nimesimama kwenye kikao nikatoa hoja. Nimeitoa kwa unyenyekevu, mkono kifuani. Nimesema kwa usalama wa wazee wetu, aliyevuka sabini asipande benchi, asimame chini apige makofi. Magdalena, katibu wetu, kaiandika neno kwa neno. Magdalena huandika kila kitu. Ukipiga chafya anaandika.

Mwenyekiti kasema hoja ni nzuri, ina utu. Imepita! Kila mmoja alete kitambulisho cha taifa jioni.

 Nilikumbuka jambo.

Miaka ile tulipoandikishwa vitambulisho, nilisikia wazee wanatibiwa bure. Mimi sikuwa nimefika sitini. Mwandikishaji kaniuliza nilizaliwa lini, nikajiongezea miaka minane hapo hapo, tena nikakohoa na kushika kiuno anisadiki. Alinisadiki. Alinitafutia na kiti.

Kwa kitambulisho, leo nina miaka sabini na minne. Mkubwa kuliko Bi Sada! Mkubwa kuliko wote! Magdalena kasoma kwa sauti, kisha akaniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, ningefanyaje? Bi Sada alitimia sabini na mmoja, naye alikuwa ashuke, lakini wanawake wakapiga kelele kwamba bila Bi Sada nyimbo nani atazianzisha? Wakapitisha kwamba yeye abaki. Kwa hiyo sheria yangu imemshusha mtu mmoja tu Kilwa nzima. Mimi.

Jumamosi, Agosti 9

Siku mbili niko chini napiga makofi. Mzee Bakari kanipa pole. Katoa pole na mate.

Leo Bi Sada katokea kunitetea. Kawaambia mimi naye tumezoeana, kama sipandi naye hapandi, sheria ifutwe. Imefutwa. Nikadhani nitarudi mwisho kwangu. Akasema la, Bi Mdogo asimame ubavuni kwangu, nafasi ya pili.

Ya pili! Tena! Ndoa ya pili, chumba cha pili, kanga ya pili sikukuu, na leo benchi! Hataki nisahau hata dakika moja.

Mazoezi yote kidole chake kidogo cha mguu kimegusa changu. Nikisogea, kinanifuata. Ananichunga nisimsukume. Alijuaje kwamba nilikuwa nalifikiria hilo?

Jumatatu, Agosti 11

Chakula cha leo kimetiwa chumvi mara mbili. Zamu yake. Nikimwuliza anasema kopo la chumvi nani kalihamisha? Nimelihamisha mimi, ndiyo, nimeliweka kwenye rafu ya juu, lakini si lipo wazi?

Kanipigia simu mwanetu Yasini, yuko Dar, Mbagala. Nasema mwanetu kwa sababu kazaliwa na yeye lakini nimembeba mimi mgongoni hadi kiuno kikapinda. Yasini kataka kujua mama yake hajambo? Nikasema hajambo, ana jeuri tu. Bi Sada kanipokonya simu, kacheka sana, kamwambia hakuna kitu chochote kinachomsumbua. Kacheka mno. Ana siri yule. Nadhani ameahidiwa na mwenyekiti kuzungumza kwenye televisheni.

Sasa mpango wa kweli. Jumatano ni mazoezi ya sare. Sare yetu ni kanga ya njano yenye michoro ya korosho nyekundu. Sheria ya kikundi ni kali. Asiye na sare, au aliyechelewa, anapelekwa mwisho wa benchi na wa ubavuni anasogea kuchukua nafasi yake. Na nani yuko ubavuni kwake? Alhamdulillahi, amenisogeza mwenyewe!

Sanduku langu lina kanga ya zamani, njano pia, korosho nyeusi. Nguo zetu tunaanika kamba moja. Nitaichukua sare yake niifungie sandukuni, niweke ile yangu pale. Ataiona si yenyewe, atatafuta, atachelewa. Basi. Hakuna atakayeumia.

Jumatano, Agosti 13

Haya ni ya aibu. Naandika hivyo hivyo.

Nilifanya nilivyopanga. Nikatangulia mazoezini nikijua atachelewa. Sijakaa vizuri, huyo, anaingia mapema, anapapasa ukuta wa mwenyekiti, amevaa ile kanga yangu ya korosho nyeusi! Anatabasamu. Kanisalimia kwa jina kabla sijafungua kinywa. Kapanda kati kwake. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana ujasiri gani?

Sasa, kila kanga ina maandishi, na hapa kwetu mtu havai maandishi bure. Ukivaa, umemvalia mtu. Kanga yangu ile niliinunua enzi za ugomvi na jirani mmoja, nikaisahau ilisema nini. Mwenyekiti hakusahau kusoma. Ana miwani mipya, fremu nyekundu, ameinunua wiki iliyopita na amepita nayo sokoni mara tatu bila kununua hata bamia. Kasimama mbele ya Bi Sada. Kasoma kwa sauti: UMEZIDI KUJIPITISHA.

 Hata Mzee Bakari katoa zumari mdomoni.

Mwenyekiti kauliza, mimi, Bi Sada? Umenivalia mimi, juu ya benchi langu, uani kwangu? Bi Sada kauliza, kuna nini? Kwa sauti ya mtu asiyejua. Mwenyekiti ndipo akawaka kweli kweli. Kasema kumbe na dhihaka juu! Kamwondoa kikundini, tamasha asilikanyage.

Bi Sada hakujitetea. Alishika pindo la ile kanga, akalileta machoni, karibu kabisa, likagusa pua. Akalitazama, akalitazama. Kisha akavuta harufu. Akalishusha taratibu. Kasema, nimekosea, nisameheni. Akanyoosha mguu kutafuta ardhi, na hakuipata. Mguu ulikuwa unatafuta hewani. Nikamshika.

Nimeelewa pale pale. Chai. Jiwe. Chumvi. Bega langu.

Yalaiti ningekufa jana.

Alhamisi, Agosti 14

Tumezungumza jikoni. Nimechambua mchele mara tatu nikitafuta pa kuanzia. Mwishowe nikamwuliza tu, Bi Mkubwa, huoni?

Kasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto limefunga tangu Ramadhani, la kulia anaona mwanga na vivuli. Kasimama kati miezi yote hii kwa sababu kati kuna watu pande mbili, hawezi kuanguka. Mwisho wa benchi angedondoka siku ya kwanza. Ndiyo maana kaniomba nikae ubavuni. Kasema alitaka mtu wa nyumbani.

Nimelia kwenye mchele. Nimesema ni vitunguu. Kasema Bi Mdogo, leo hatupiki vitunguu.

Nikamwuliza kwa nini hakutibiwa, kwa nini hakusema? Kasema anaogopa kisu jichoni, na anamwogopa Yasini zaidi. Yasini akijua atamchukua Mbagala akamkalishe ndani kwake. Kasema huko nitamjua nani? Hapa nakujueni wote kwa nyayo. Wewe unaburuza kandambili ya kulia. Kasema alijipa hadi tamasha, acheze mara ya mwisho, halafu liwalo na liwe.

Halafu kasema kitu ambacho nitakiandika polepole. Kasema, kanga ile niliijua pale juu ya benchi. Inanuka karafuu za sanduku lako.

Alijua! Alijua mbele ya wote, na kasema nimekosea yeye. Nikamwuliza kwa nini hukunitaja? Kasema, ningekutaja wangekufukuza, na mimi nani angenirudisha nyumbani?



Ijumaa, Agosti 15

Tamasha kesho. Baada ya swala nimekwenda kwa mwenyekiti kusema ukweli. Nilikusudia kweli. Lakini nilipomwona na ile miwani ulimi ukaenda wenyewe. Nikasema ni upepo. Kusi ilivuma Jumatano, ikachanganya kanga kambani.

Magdalena alikuwepo, kalamu mkononi. Kauliza, sare ya Bi Sada sasa iko wapi? Nikasema sandukuni kwangu. Kauliza, limefungwa? Nikasema limefungwa. Kauliza, upepo ulifungua kufuli, ukaingiza kanga, ukafunga? Na anaandika!

Basi nikasema. Ni mimi. Nilitaka kusimama kati. Yeye hana kosa hata kidogo. Mwenyekiti kauliza, sasa yeye hakuiona kwamba si sare?  Ile siri si yangu. Nikasema nilimharakisha, nikamfunga kanga mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kwa sababu mimi ni mtu mbaya. Magdalena kauliza aandike hivyo hivyo? Nikasema andika.

Mwenyekiti katafakari. Kavua miwani, kaifuta, kavaa. Kauliza kwa sauti ndogo, kwani kweli nimezidi kujipitisha? Nikasema miwani imekupendeza, Bi Mwanahija, mtu akiwa nayo lazima apite. Kafurahi. Nilikuwa sidanganyi sana.

Hukumu: Bi Sada anarudi, tena kati. Mimi sipandi benchi hadi Maulidi ipite. Na adhabu juu, nitayabeba hadi uwanjani mabenchi ya madrasa, yale tunayoyaunga kuwa benchi moja, na kwa kuwa lile la kati lina mguu mbovu, nitakaa nyuma yake chini niushikilie lisitikisike.

Nyuma yake. Chini. Katikati kabisa! Nimeitikia haraka mpaka mwenyekiti akanitilia shaka.

Jioni nimefanya mazoezi na Bi Sada uani, yeye kasimama juu ya kinu kilichopinduliwa, mimi nimechuchumaa nyuma. Nikibana kifundo chake cha mguu wa kulia, anageuza kichwa kulia. Kushoto, kushoto. Nikibana vyote viwili, anainama. Amelipata mara moja. Kasema marehemu angetuona angekimbia nyumba.

Jumamosi, Agosti 16

Watu! Wametoka hadi Kilwa Kisiwani, wamevuka asubuhi na watoto wao. Mabenchi yameniua mgongo. Nimembeba na Bi Sada, yaani nimemshika mkono, na safari hii bega nimelitoa mwenyewe. Watu wakafikiri nimejirudi kwa sababu ya adhabu. Wafikiri.

Nikajikunyata chini ya benchi la kati, mguu mbovu nimeubana kwa magoti, nyuma ya kanga kumi za njano. Nilichoona mimi tamasha zima ni visigino. Bi Mwanahija ana magaga, sikujua.

Bi Sada kaanzisha wimbo. Sauti ile! Miaka yote nilikuwa mwisho na zumari sikioni, sikuwahi kuisikia vizuri. Inatoka tumboni, haina haraka. Nilisahau kubana. Akasubiri. Alinikanyaga kidole kidogo, nikakumbuka. Kulia. Kushoto. Pembe zinalia pamoja, vichwa vinageuka pamoja, uwanja mzima unapiga vigelegele.

Kisha vumbi. Mguu mbovu wa benchi unachimba mchanga, mimi pua iko pale pale. Nikapiga chafya, tena moja ya nguvu, na katika kuizuia nikabana vifundo vyote viwili.

Bi Sada akainama. Haikuwa mahali pake! Lakini mabenchi yote hufuata kati, wote wakainama. Mgeni rasmi, masikini, akadhani ni yeye anaamkiwa. Akasimama akainama pia. Meza kuu yote ikainama. Uwanja ukalipuka. Nikapiga chafya ya pili, wakainama tena wote.

Mwenyekiti amesifiwa kwa ubunifu. Ameupokea ubunifu wake bila aibu.

Tulipokuwa tunarudi, Bi Sada kaniambia hajawahi kusimama bila hofu tangu Ramadhani, ila leo. Nikamsogezea bega tena. 

Jumatano, Agosti 20

Nimempigia Yasini. Mbele ya Bi Sada, sikwenda kwa mlango wa nyuma. Nimemwambia mama yako ana mtoto wa jicho, na anatibiwa Lindi, na baada ya hapo anarudi hapa, kwangu, na ukitaja Mbagala nitakuja kukuchapa na umri wako huo. Kaangua kilio kwenye simu. Kasema sawa, mama mdogo. Bi Sada kakubali kisu, sharti niwepo mlangoni. Tunakwenda Jumanne.

Magdalena kanionyesha video kwenye simu. Kamera ilikuwa inatazama kati, kama nilivyosema. Bi Sada amependeza mno. Na chini, kwenye pindo la kanga yake, unaonekana mkono wenye hina, umeshika mguu. Dakika nne nzima. Mkono wangu! Katikati kabisa ya televisheni! Nimeomba aniwekee mara sita.

Nimejifunza mengi wiki hizi. Hila mbaya. Wivu mbaya zaidi. Nimeacha kabisa, naandika hapa mbele ya Mungu.

Ila nesi kanieleza kwamba mtu aliyetolewa mtoto wa jicho hapaswi kupanda vitu virefu kwa muda, apumzike. Na Oktoba tuna harusi kubwa Milola, tumeshaalikwa. Maulidi itakuwa imepita. Kati itakuwa wazi. Nimemdokeza mwenyekiti leo, kijuujuu tu, wakati nasifia miwani. Si hila hiyo. Ni kumlindia mwenzangu nafasi.

Hofu ni moja. Jioni nilipanda juu ya kile kinu kujaribu, pasipo mtu huku wala huku, na dunia ikazunguka. Kumbe kati kunatisha! Ikabidi nimwombe Bi Mkubwa, kwa aibu, Oktoba akae chini nyuma yangu, anishike vifundo.

Kakubali mara moja. Kasema nisiwe na wasiwasi, atanishika vizuri sana, na wakati huo macho yatakuwa yanaona. Kisha kacheka, kacheka, mpaka kashika ukuta.

Sijakipenda kile kicheko.